Chura wa Majini Anapoumwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na wafugaji wa vyura wa majini, mara nyingi usiku, mtu amesimama mbele ya tangi na chura wake hayuko sawa. Kama ndivyo ulivyo sasa hivi, nenda kwanza kwenye swali la saa ya kwanza, fanya yaliyoandikwa pale, kisha urudi usome mengine ukiwa umetulia.

Nitajuaje chura wangu ni wa aina gani, na kuna haja gani ya kujua?

Mwangalie mikono. Akiwa na utando kati ya vidole vya mikono, kama bata, huyo ni chura kibete, Hymenochirus, ambaye kwao ni misitu yenye vijito na madimbwi huko Kongo, Gabon, Kamerun na Nigeria. Akikua ni sentimita 3 au 4 tu. Vidole vya mikono vikiwa wazi, na miguuni kila upande ana kucha tatu nyeusi, huyo ni Xenopus. Anayeuzwa zaidi ni Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika, ambaye jike hufika sentimita 10 hadi 13. Ndugu zake wamo hata kwetu Afrika Mashariki: Xenopus muelleri pwani, na Xenopus victorianus kuzunguka Maziwa Makuu.

Haja ya kujua ni joto. Kibete anataka maji ya nyuzi 24 hadi 27. Xenopus laevis anataka 18 hadi 22. Kwa hiyo mfugaji wa Nairobi mwenye kibete anahitaji hita, na mfugaji wa Dar es Salaam mwenye Xenopus laevis ana kazi ya kupoza maji karibu mwaka mzima. Chura anayekaa kwenye joto lisilo lake hudhoofika kinga taratibu, na siku ugonjwa ukimpata, mwenye chura hudhani umeanza siku hiyo.

Dalili zipi za kweli, na zipi ni za kawaida tu?

Kuelea amenyoosha mikono na miguu kama aliyekufa, halafu ukigusa kioo anapiga mbizi: kawaida. Kupanda juu kuvuta hewa na kushuka haraka: lazima, kwa sababu anapumua kwa mapafu. Dume kuvuma usiku kama waya wa umeme: anaita jike. Kukaa pembeni mchana kutwa bila kusogea: wengine ndivyo walivyo.

Yanayonitia wasiwasi ni haya. Anaelea na hawezi kushuka hata akijaribu. Anapanda kuvuta hewa kila baada ya sekunde chache. Hajala siku tatu nne na zamani alikuwa mlafi. Tumbo limekua ghafla. Kuna wekundu kwenye mapaja au tumboni. Ngozi imekuwa ya kijivu, haina ule utelezi wake. Au anajaribu kupanda nje ya maji: chura wa majini anayetaka kutoka majini anakwambia maji yanamchoma.

Nimeona kauvimbe keupe nyuma ya kwapa, pande zote mbili. Ni jipu?

Kama ni kibete, hilo si jipu. Ni tezi ya dume. Madume waliokomaa wote wanayo, nyeupe au ya waridi, pande zote mbili. Tafadhali usiitumbue. Nimewahi kuonyeshwa picha ya chura aliyetumbuliwa kwa sindano ya kushonea na kijana aliyekuwa na nia njema kabisa.

Ngozi inabanduka kama karatasi laini. Je?

Akiivua mara moja, ikatoka nzima nzima na akaila mwenyewe, ni afya. Vyura hubadilisha ngozi, na kuila ni desturi yao. Ikibanduka kila siku, vipande vipande, vikabaki vimening'inia siku nzima, basi kuna tatizo: maji mabaya, fangasi, au kwa Xenopus minyoo wadogo wanaoishi ndani ya ngozi na kuifanya iwe ya kijivu na yenye mabaka. Daktari huwaona minyoo hao kwa darubini kwenye kipande cha ngozi iliyobanduka, kwa hiyo usikitupe. Kitie kwenye kichupa chenye maji ya tangi umpelekee.

Nifanye nini saa ya kwanza?

Usitie dawa yoyote. Hilo ndilo la kwanza.

Kisha pima maji ya tangi kabla hujabadilisha hata kikombe kimoja, maana ukishabadilisha umefuta ushahidi. Pima amonia, nitriti na nitrati (zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula), pH (kiwango cha uchachu wa maji) na joto, uandike. Huna vipimo? Chota maji kwenye chupa safi, uifunge vizuri, uipeleke kesho kwa mwenye navyo.

Sasa andaa beseni la mgonjwa. Kopo la plastiki la lita 5 au 10 ambalo halijawahi kuwekwa sabuni linafaa. Tia maji yaliyoondolewa klorini, yenye joto lilelile la tangi. Tofauti ya nyuzi tatu kwa ghafla ni pigo kwa chura aliyekwisha kudhoofika. Kina kiwe kifupi. Kwa kibete, sentimita 5 hadi 7 zinatosha, awe anaweza kusimama kwa miguu ya nyuma na pua ikatoka nje. Watu husahau kwamba chura anaweza kufa maji. Mgonjwa asiye na nguvu ya kuogelea hadi juu ya tangi la sentimita 40 anakufa kwa kukosa hewa, si kwa ugonjwa wenyewe.

Usitie changarawe wala mapambo. Weka kigae kimoja cha chungu kisicho na makali ajifiche chini yake, na mfuniko wenye matundu, kwa sababu hata mgonjwa huruka. Kibete akitua sakafuni hukauka na kufa baada ya muda mfupi.

Kumhamisha, usitumie wavu ukiweza kuepuka: kucha za Xenopus hunasa kwenye nyuzi. Zamisha bakuli, mwelekeze aingie, umwinue pamoja na maji yake. Ukilazimika kumshika, lowanisha mikono kwa maji ya tangi au vaa glavu zisizo na unga, zilizosuuzwa. Mafuta ya kujipaka, sabuni na dawa ya mbu vilivyobaki viganjani vyote huingia mwilini mwake.

Funika beseni kwa kitambaa upande mmoja liwe na giza. Mwache. Maji ya beseni yabadilishe yote kila siku.

Maji yangu meupe kama kioo. Bado kuna haja ya kupima?

Ipo, na ningependa kulisema hili kwa nguvu zote nilizonazo. Amonia haina rangi. Nitriti haina rangi. Wagonjwa wengi nilioonyeshwa wametoka kwenye matangi ambayo yangependeza kupigwa picha.

Chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Anayapitisha kwenye ngozi, usiku na mchana, pamoja na kila kilichomo. Kwa hiyo maji si nyumba yake tu. Ni kinywaji chake na kwa sehemu ni pumzi yake. Amonia iwe 0. Nitriti iwe 0. Nitrati nisingependa ipite miligramu 40 kwa lita, na ikikaa chini ya 20 ni bora. pH kati ya 6.5 na 7.8 haisumbui, mradi haipandi na kushuka.

Amonia ikionekana, badilisha theluthi ya maji kila siku hadi irudi 0, punguza chakula, na usilioshe chujio kwa maji ya bomba. Bakteria wanaokula amonia wanaishi kwenye sponji la chujio, na klorini inawaua kama inavyokusudiwa kuua wale wa kwenye maji ya kunywa. Sponji lisuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini.

Kwetu kuna sababu nyingine isiyotajwa kwenye vijitabu vya ng'ambo: umeme kukatika. Chujio likisimama saa nyingi, hasa la boksi lililofungwa, bakteria hao hukosa oksijeni na kufa, na umeme ukirudi chujio linaumwaga uozo wote tangini. Umeme ukikatika usiku kucha, lifungue chujio ulisuuze kabla ya kuliwasha.

Nitumie maji gani?

Maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Kuacha ndoo wazi siku nzima huondoa klorini ya kawaida, lakini haiondoi kloramini (klorini iliyoungana na amonia), na dawa yenyewe ni matone machache tu. Maji ya kisima ya pwani mara nyingi yana chumvi nyingi. Yaonje kwanza, uyapime. Ya mvua yaliyopita kwenye mabati hubeba zinki iliyopakwa juu ya mabati hayo. Mabomba ya shaba nayo ni hatari, kwa sababu shaba ni sumu kali kwa vyura.

Amevimba kama puto. Atapona?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na nitajibu kwa urefu.

Kwanza hakikisha ni uvimbe kweli. Jike aliyejaa mayai huwa mnene ubavuni na kiunoni, lakini anakula, anaogelea na anazama apendavyo. Aliyekula kupita kiasi hupungua baada ya siku moja au mbili. Aliyevimba kwa ugonjwa huwa duara kote, hadi kooni na mapajani, ngozi imevutika na kung'aa, na ukimmulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma unaona mwanga unapenya kwenye maji yaliyojaa chini ya ngozi.

Maji hayo yanatoka wapi? Chura anayeishi kwenye maji baridi ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji hayaachi kuingia kupitia ngozi. Kazi ya figo ni kuyatoa, mkojo mwingi mwepesi, saa zote. Figo zikichoka, au mfumo wa limfu ukishindwa kuyasukuma, au bakteria wakiharibu kuta za mishipa, maji yanaingia na hayatoki. Ndiyo maana uvimbe ni dalili tu, na nyuma yake kuna magonjwa kadhaa.

Nilikuwa na jike kibete, Shani, aliyekuwa na umri wa miaka minne. Alianza kuvimba mwezi wa Februari, maji ya tangi yamefika nyuzi 31. Mwuzaji mmoja wa samaki aliniambia nitie dawa ya samaki ya rangi ya kijani, nikatia kipimo cha samaki. Baada ya dakika kumi hivi Shani alikuwa anazunguka juu ya maji anajikwaruza macho kwa mikono. Nilimtoa, nikambadilishia maji mara tatu usiku ule. Daktari wa mifugo alimtoa maji kwa sindano nyembamba kama ya insulini, akapungua hadi nikamwona tena shingo, akala dafnia (vidudu vidogo vya majini) jioni ileile. Siku ya sita alikuwa amevimba upya. Tulimtoa maji mara mbili zaidi. Hakupona.

Nasema haya ili usidanganywe na usikate tamaa mapema. Wanaopona wapo, hasa waliovimba kwa sababu ya maji mabaya au maambukizi yaliyowahiwa. Unachoweza kufanya nyumbani ni maji safi, kina kifupi, joto sahihi na utulivu. Daktari anaweza kumweka kwenye mchanganyiko wa chumvi uitwao Ringer wa amfibia, ambao kwa lita moja una gramu 6.6 za chumvi pamoja na kiasi kidogo sana cha potasiamu, kalsiamu na bikaboneti, ili maji yasiendelee kuingia mwilini kwa kasi. Anaweza kutoa antibiotiki kwa uzito wa chura. Kutoboa kwa sindano usijaribu mwenyewe: chini ya ngozi ile nyembamba pana moyo, mapafu na ini, vyote ndani ya mwili usiozidi gramu chache.

Mapaja na tumbo vimekuwa vyekundu. Amejikwaruza?

Mkwaruzo huwa mahali pamoja. Wekundu uliosambaa chini ya mapaja, tumboni na kwenye utando wa vidole, tena kwa chura aliyelegea, ni bakteria walioingia kwenye damu. Anayelaumiwa sana ni Aeromonas, na huyo yuko kwenye karibu kila maji. Humshinda chura aliyekwisha kudhoofishwa na msongamano, uchafu au joto baya. Huu ni ugonjwa wa siku chache. Usisubiri wikendi ipite. Antibiotiki ndiyo tiba, na dozi yake inapimwa na daktari. Wenzake tangini watazame kwa makini, kwa kuwa wote wamekunywa maji yaleyale.

Ana kitu kama pamba kwenye mguu.

Fangasi wa maji. Hushika kwenye kidonda, kwa hiyo tafuta kilichomjeruhi: samaki mdonoaji, jiwe lenye makali, mdomo wa chujio usio na sponji. Pamba usiivute. Maji safi na daktari, mara nyingi hupona vizuri.

Fangasi inayoua vyura duniani, je, inaweza kuwa tangini kwangu?

Inaweza. Inaitwa Batrachochytrium dendrobatidis, ilipewa jina mwaka 1999, na inashambulia ngozi yenyewe, mahali ambapo chura anapitishia maji na chumvi zake. Mgonjwa hubanduka ngozi mfululizo, hulegea, huacha kula, kisha moyo husimama. Vibete hufa kwa wingi, mara nyingi wiki chache baada ya kununuliwa. Xenopus anaweza kuibeba bila kuugua kabisa, na hapo ndipo penye hatari ya kuwachanganya.

Tiba ipo. Madaktari hutumia maji yenye itrakonazoli, dawa ya fangasi, chura anaogeshwa dakika tano kila siku kwa siku 10 au 11, na tangi lote linatakaswa. Kipimo kinachukuliwa kwa kupangusa ngozi kwa pamba.

Kwa Watanzania hili si jambo la mbali. Vyura wadogo wa Kihansi, waliokuwa wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko na hawapo kwingine popote duniani, walipoteza sehemu kubwa ya manyunyu hayo bwawa la umeme lilipojengwa. Mwaka 2003 waliobaki wakaporomoka ghafla, na fangasi hii ikakutwa kwenye waliokufa. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Tuliwapata tena kwa sababu wachache walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 na kuzalishwa huko. Kwa hiyo maji ya tangi la mgonjwa usiyamwage mtaroni wala bustanini. Yatie jiki, yaache saa moja, uyamwage chooni. Na chura wa kununua, mzima au mgonjwa, usimwachie mtoni kamwe.

Hataki kula. Nimlazimishe?

Hapana. Angalia kwanza kama chakula kinamfikia. Kibete haoni vizuri na hana ulimi. Ananusa, anatafuta, anakosa, anajaribu tena, na wakati huo samaki wameshamaliza. Wengi wanaodhaniwa wagonjwa wana njaa tu. Mweke kisosi chini, mahali palepale kila siku, tia minyoo myekundu ya kugandishwa iliyokwisha kuyeyuka barafu, au dafnia, mletee karibu kwa kibano au bomba la sindano lisilo na sindano. Xenopus mkatie nyungunyungu wa shamba lisilopigwa dawa.

Kama anaelea, tumbo gumu na haendi choo, shuku changarawe. Xenopus hujisukumia chakula mdomoni kwa mikono yote miwili na mawe huingia humohumo. Huyo anataka picha ya eksirei.

Kuna kinyama chekundu kimetoka nyuma.

Utumbo umetokeza. Mhamishie kwenye maji safi peke yake, asile, asiguswe, umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Je, chumvi na dawa za samaki?

Chumvi ya mezani yenye iodini, hapana. Dawa zenye shaba, formalini au kijani cha malakaiti kwa kipimo cha samaki, hapana. Samaki ana magamba na ute mzito. Chura ana ngozi iliyo wazi. Xenopus huvumilia bafu za chumvi kidogo chini ya uangalizi, kibete huvumilia kidogo mno. Kama ungekuwa na shilingi za kutosha kitu kimoja tu, nunua vipimo vya maji.

Daktari wa mifugo wa mtaani kwetu hajawahi kutibu chura.

Mpelekee hivyohivyo. Wengi hukubali ukifika umejiandaa: chura ndani ya kopo la maji yake, chupa ya pili ya maji ya tangi, ngozi au kinyesi kwenye kichupa, vipimo ulivyoandika, video ya anavyoogelea, na uzito wake kwa gramu. Mizani ya sonara hupima vibete vizuri: weka bakuli lenye maji, sifurisha, kisha mtie chura. Mwombe awasiliane na mwenzake wa chuo kikuu chenye kitivo cha tiba ya wanyama, kama Sokoine kule Morogoro, Nairobi au Makerere.

Anaweza kuniambukiza?

Ndiyo, salmonela, hata akiwa mzima. Marekani kati ya 2008 na 2011 mamia ya watu waliugua, wengi wakiwa watoto, na chanzo kilikuwa vyura vibete wa kufugwa. Osha mikono kwa sabuni baada ya kugusa maji. Usioshe vyombo vya tangi kwenye sinki la jikoni. Mtoto chini ya miaka mitano atazame kwa macho tu. Usinyonye mpira kwa mdomo kuanzisha maji.

Nimrudishe lini tangini?

Wiki mbili baada ya dalili ya mwisho, akiwa anakula na kuzama vizuri, na tangi limepimwa likakaa 0 kwa amonia na nitriti siku saba mfululizo. Chura mpya naye akae peke yake, siku 30 angalau, 60 ukiweza, na wavu wake na ndoo yake.

Na akiwa hatapona?

Daktari ana dawa ya kumlaza majini, analala, haamki. Mwombe hiyo. Usimgandishe kwenye friji akiwa hai, usimtie chumvi, usimsukume chooni. Akishaondoka, mfunge kwenye karatasi umzike kwa kina mbali na mto na kisima. Shani nilimzika chini ya mkilifi, pamoja na kigae alichokuwa akijificha.